Kiatu cha Kushoto cha Babu Buya

Al Wakrah, Doha
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya kukutuliza moyo, maana najua ukiona bahasha nene utaanza kulia kabla haijafunguliwa. Hakuna aliyekufa. Sijafukuzwa kazi. Sijaoa Mfilipino kama alivyotabiri shangazi. Mimi ni mzima, nakula, na tangu wiki mbili zilizopita nalala kama mtoto aliyeshiba. Utajua kwa nini.

Na nyinyi je? Goti lako limekubali ile dawa ya kuchua? Mto umerudi njia yake au bado umekaa shambani kwetu? Na yule mbuzi wa pembe moja, bado anakula nguo za watu kwenye kamba?

Zainabu, dadangu, najua wewe ndiye unayesoma. Soma polepole na usiruke, hata kama umeona jina la mchumba wako huko mbele. Mwandiko wangu ni mbaya, mtu wa darasa la nne ana mwandiko gani, lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu jioni tatu. Ukifika pale pa kiatu, simama kwanza umpe mama maji.

Mama, nilikwambia kwa simu usisimame mbele ya wazee mpaka barua hii ikufikie. Ukaniuliza kuna nini, nikanyamaza, ukasema mtoto huyu hata simu inamshinda. Ni kweli inanishinda. Simu yako ukiishika unaweka spika, na jirani akipita anaingia kwenye mazungumzo. Jambo hili sikutaka litoke nusu nusu. Ndiyo maana nimempa Katana, kijana wa Malindi tunayelala chumba kimoja, anakuja likizo. Atawaletea mkononi.

Sasa naanza na la mwisho ili upumue. Baba yako hakuua mtu. Babu Buya hakumuua yule mzungu wa ndege. Usiende kuungama kitu ambacho hakikutendeka. Ushahidi umo humu kwenye bahasha, na hapa chini nitasema nimeupataje.

Nataka wazee wasikie barua hii yote, kwa hivyo naisema kwanza hadithi yao vile wanavyoisimulia wenyewe, wasije wakasema kijana wa Doha ameficha maneno.

Wanasema hivi. Wakati wa vita vya Mtaliana, ndege ya mabomu ilianguka vichakani ng'ambo ya mto. Watu waliona moshi, wakaogopa, wakaenda siku ya pili. Wakakuta makaburi matatu mapya yamewekewa mawe. Na kwa kuwa watu wetu wanasoma nyayo kama mwalimu anavyosoma kitabu, wakaona nyayo za viatu vya mtu wa nne, anachechemea, na kando yake nyayo za Buya. Zimeingia porini pamoja. Baada ya siku nyingi Buya akarudi peke yake, viatu vya mzungu vikiwa vimening'inia shingoni. Aliyemvusha kwa mtumbwi alikuwa baba yake Mzee Hiribae. Ndiye aliyeona kwamba kiatu cha kushoto kimepasuliwa kwa kisu kutoka juu mpaka kwenye kifundo. Akasema, hapa ndipo kisu kilipopita. Wakamuuliza Buya, mgeni yuko wapi? Akajibu, "Mwenyewe atakuja." Hakuongeza neno lingine mpaka anakufa.

Mama, mimi si wa kukuhadithia wewe yaliyofuata. Wewe ndiye uliyeitwa binti wa viatu kisimani. Mjomba ndiye aliyehamia Mombasa asirudi hata kwa mazishi. Na sasa Mzee Hiribae anasema mjukuu wake Saidi hawezi kumuoa Zainabu mpaka wewe usimame barazani useme baba yangu aliua mgeni aliyejeruhiwa, mtusamehe. Na wewe ukakubali kwa ajili ya mwanao. Siku Zainabu aliponinong'oneza habari hiyo kwenye simu, nilikaa kwenye kibanda changu cha lango nikashindwa hata kuinua kile chuma gari ipite. Dereva akapiga honi mpaka supavaiza akatoka.

Bati la ndege halikumtia mtu aibu. Nusu ya kijiji walichukua. Kwa Mzee Hiribae mwenyewe ni sufuria, na pilau yake tumekula. Kwetu ni mfuniko wa mtungi. Aibu ilikuwa viatu tu.

Basi ni huo mfuniko ulioanza haya yote.

Mimi namba sikuzijulia shuleni. Nilizijulia kwenye mfuniko. Ulikuwa ukinipa mchanga niusugue ung'ae, na mimi nikisugua nafuata kwa kidole zile namba zilizogongwa pale pembeni, na ile mistari ya vichwa vya misumari. Nilikuwa nikiziimba peke yangu. Mpaka leo nikishikwa na wasiwasi naziimba kimoyomoyo. Hapa lango la kampaundi wasiwasi ni mwingi, kwa hivyo sijazisahau.

Kazi yangu sasa ni kukaa kibandani, kuandika namba za gari, kupokea mizigo ya wenye nyumba. Ni afadhali mara mia kuliko pale nilipokuwa mwaka jana, nimesimama juani kwenye jengo lisilo na paa, mate yanakauka. Kibanda kina eyasii ya kupooza hewa. Mwenzangu wa zamu ni Wasswa, Mganda, mrefu kama mlingoti, Kiingereza chake kinatiririka na mdomo haufungi. Ananiambia, "Wewe Komora, hata hili geti linaongea kukushinda. Lenyewe linalia likifunguliwa."

Katika nyumba ya saba anakaa Mista Fernando, mtu wa Sri Lanka, ana mvi, fundi wa ndege. Hukusanya vyuma vya ndege za kale vile mjomba alivyokuwa akikusanya redio mbovu. Siku moja alikuja kuchukua mzigo wake, sanduku lilikuwa limechanika, akalifungulia palepale kwangu aone kama kilichomo kimevunjika. Kilikuwa kipande cha bati. Mama, nikaona misumari. Ile ile mistari. Na pembeni namba zimegongwa kwa mkono ule ule, kama vile ni ndugu ya mfuniko wetu.

Nilitaka kusema. Ulimi ukakataa. Akachukua bati lake akaenda. Kesho yake akapita, nikamwambia habari ya asubuhi. Kesho kutwa, habari ya asubuhi. Siku ya nne Wasswa akaniona natokwa na jasho ndani ya eyasii, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kwetu tuna bati kama la yule mzee. Alitoka nje, akamsimamisha Mista Fernando na gari lake, akamwambia kijana huyu ana neno. Kisha akanigeukia akaniita bwana kwa lugha yao, "Ssebo, ongea. Gari inakula mafuta."

Nikasema, Wasswa akitafsiri. Mista Fernando akacheka, si kwa ubaya, akasema kila mahali alipofanya kazi mtu humwambia kwao kuna bati la ndege, na mara nyingi ni la pipa. Nikaona anataka kuondoka. Nikafumba macho nikaimba zile namba, kwa Kiingereza, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho.

Akazima gari. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akaziandika kwenye kiganja chake, kisha akaomba picha. Ndiyo ile siku nilipomwomba Zainabu apige picha mfuniko, wewe ukauliza kwani Doha mitungi inaachwa wazi.

Zikapita wiki tatu. Mimi kila akipita natazama mikono yake. Halafu siku moja alikuja kwa miguu, na karatasi. Alikuwa amewaandikia watu wanaohifadhi habari za ndege zilizopotea vitani, na zile namba zina ndege yake. Iliondoka Kenya kwenda kupiga Wataliana upande wa Kismayu, haikurudi. Ndani walikuwa wanne, vijana wa Afrika Kusini. Mmoja rubani, mmoja wa kuonyesha njia, mmoja wa redio, mmoja wa bunduki. Watatu wameandikwa walikufa, kaburi halijulikani. Wa nne ni rubani. Jina lake Pita. Yeye ameandikwa kwamba alirudi kambini kwa miguu.

Nilimwambia Wasswa amuulize tena. Alirudi? Alirudi. Akiwa hai? Wasswa hakuona haja ya kutafsiri, akanijibu mwenyewe, "Maiti hairudi kwa miguu, ssebo."

Mama, nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Halafu nikamsikia Mzee Hiribae kichwani. Haya, alirudi. Lakini nani kasema ni Buya aliyemrudisha? Pengine Buya alimvua viatu akamwacha pekupeku miibani, akaokolewa na mtu mwingine. Wakati wa chakula sikula. Nikaona nimetoka kwenye shimo moja nimeingia la pili. Na hapo nakuambia ukweli wangu, Wasswa na Mista Fernando nilikuwa nimewaambia habari za bati na za makaburi matatu tu. Viatu sikuwaambia. Niliona haya. Ningeanzaje kumwambia mtu anayenisaidia kwamba babu yangu anasemwa alimchinja yule tunayemtafuta?

Mista Fernando akaendelea kuandika barua zake. Akampata mama mmoja mzee, Bi Elsa, mtoto wa dada yake Pita. Huyo alikuwa ameuliza miaka mingi kama kuna anayejua wale watatu walizikwa wapi. Alijibu siku hiyo hiyo, akasema anataka kuniona uso.

Kumbuka gadi haruhusiwi kuingia nyumba ya mtu. Wenzetu wawili walirudishwa kwao kwa sababu ya kunywa chai ndani. Mista Fernando akaenda mwenyewe kwa supavaiza, akarudi na ruhusa, nusu saa, siku ya ofu, bila yunifomu. Shati sikuwa nalo la maana, nikaazima la Wasswa. Mikono ilifika kwenye vidole. Wasswa akasema nimefanana na mtoto aliyeiba kanzu.

Tukakaa mbele ya kompyuta. Bi Elsa ni mzee kukushinda wewe, ana miwani mizito, nywele nyeupe kabisa. Pita mwenyewe hakuwahi kumwona, alizaliwa vita vimekwisha. Mimi nilikaa ukingoni mwa kiti, macho kwenye zulia. Akaniuliza makaburi yakoje. Nikasema yako mahali palipoinuka, mafuriko hayafiki, na kila mwaka maji yakishuka babu yangu alikuwa akienda peke yake kung'oa majani na kurudisha mawe. Alipozeeka ukaenda wewe mama, kwa siri, watu wasiseme. Bi Elsa akavua miwani. Akaifuta kwa kitambaa.

Zainabu, maji sasa.

Bi Elsa akavaa tena miwani yake akauliza jambo. Wasswa akanigeukia, uso wake haujaelewa. Akaniambia, "Anauliza, yule mtu, alikishona kile kiatu?"

Nikasema kiatu gani.

"Cha kushoto," Wasswa akasema. "Anasema mjomba wake aliandika kwamba mtu wenu alikipasua kwa kisu."

Mama, nililia. Katika nyumba ya watu, kwenye shati la kuazima, mbele ya mzungu. Sikuona aibu, mimi ninayeona aibu kununua mkate. Nikamwambia ndiyo, alikishona. Alikishona kwa mkanda wa ngozi ya mbuzi, nilikigusa mwenyewe nikiwa mdogo, ushonaji wake ulikuwa kama mgongo wa mamba.

Hapo Bi Elsa akatusomea barua ya Pita. Picha yake imo kwenye bahasha, na Wasswa amenitafsiria, mimi nimeandika. Na yeye alikuwa akimwandikia mama yake, mama. Kijana wa umri wangu. Anasema hivi:

"Mama, niko hai, usiamini ile simu ya maandishi waliyokuletea kwamba nimekufa. Wenzangu watatu wamekufa na mimi ndiye niliyeishika ndege, nitalibeba hilo. Mtu mmoja alifika pale kabla ya wengine wote. Aliwachimbia kwa jembe lake mwenyewe, akaweka mawe fisi wasiwafikie. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umevimba, akakipasua kiatu taratibu, kama mtu anayemenya tunda, asinikate. Siku tisa tulitembea. Penye matope alinibeba mgongoni, na unajua mimi si mwepesi. Nilipofika kwa askari wetu sikuwa na kitu cha kumpa isipokuwa viatu. Alikitazama kile kilichopasuka akacheka, akanionyesha kwa vidole kwamba atakishona.

"Kando ya mto kuna wapelelezi wa adui. Wakijua nani alinisaidia watamchomea nyumba. Kwa hivyo askari mmoja akatafsiri, nikamwapisha mtu huyo kwa Mungu wake asimwambie yeyote kwamba aliniona wala alinipeleka wapi, mpaka nitakaporudi mwenyewe. Vita vikitulia nitakwenda nimshukuru mbele ya watu wake wote. Jina lake ni Buya."

Rudia hapo Zainabu. Jina lake ni Buya.

Vita havikutulia. Bi Elsa alisema mguu ulipopona Pita alipewa ndege nyingine na wenzake wengine watatu, wakapelekwa kaskazini, huko mbali. Wakatoka asubuhi moja kwenda kupiga meli, wakapotea baharini wote wanne. Hakikupatikana hata kipande. Jina la Pita limechongwa ukutani pamoja na majina mengine mengi, lakini kaburi hana. Mama yake alikufa akiamini siku moja atatokea na mguu wake mmoja unachechemea. Kumbe pande zote mbili walikuwa wanamngoja mtu yule yule. Wao mlangoni kwao, na Babu pale kwetu.

Ndipo nikaelewa. Unakumbuka ndege ikipita juu, sisi watoto wote tunatazama mbinguni tukipiga kelele, na Babu hainui kichwa? Watu walisema anaogopa. Mimi nilikuwa mdogo sana lakini nilimtazama. Babu alikuwa akitazama njia. Alijua mgeni wake atakuja kwa miguu, kama alivyoondoka. Na vita vilipokwisha hakuna aliyekuja kumwambia vimekwisha na kiapo chako kimekwisha. Sisi kwetu aliyekufunga kwa kiapo ndiye anayekufungua, yeye au damu yake. Mtu mwingine angesema, vita vya miaka ile, nani anakumbuka, akajisafisha. Babu alisubiri mpaka ndevu zikawa nyeupe, mtoto wake anatukanwa kisimani, na yeye neno lake moja, mwenyewe atakuja.

Uliniambia siku moja tukipura mpunga kwamba alipokuwa anakufa ulimuuliza, baba, ulimuua? Akakushika mkono akasema lile lile. Ukautoa mkono wako. Mama, najua ndilo linalokukaa kifuani, si Mzee Hiribae. Usijilaumu. Hukujua. Na yeye alijua kwamba hujui, ndiyo maana alikushika mkono.

Sasa nisikilize nilichofanya, maana hata mimi nikikumbuka nashangaa. Nusu saa ilikuwa inakwisha. Bi Elsa anashukuru, Mista Fernando anashukuru, Wasswa anaanza kuaga. Nikainua macho kutoka kwenye zulia nikamwambia Wasswa, bado. Mwambie babu yangu bado amefungwa. Mwambie Pita alisema atakuja kumfungua na hakuja, na yeye ndiye damu ya Pita, kwa hivyo kazi hiyo ni yake.

Wasswa akanitazama kama geti limeanza kuongea. Akatafsiri. Nilidhani yule mama atacheka. Hakucheka. Akauliza maneno ni yapi, anataka kuyasema kwa lugha ya Buya. Nikamfundisha kwa Kiswahili. Alijaribu mara tatu, akikosea anajirudi mwenyewe. Kisha akasimama, mama, mzee wa namna ile akashika meza akasimama, akasema, "Buya. Pita hakuweza kuja. Mimi ni damu yake. Sasa sema."

Wasswa ameirekodi. Imo kwenye ile simu ndogo aliyonayo Katana, atawasikilizisha.

Basi siku ya baraza nenda. Vaa leso yako ile mpya. Simama pale pale ulipotaka kuungama, lakini usiungame kitu. Zainabu asome hii. Mzee Hiribae mpe heshima yake, baba yake aliona kiatu na alisema alichokiona, hakutunga. Kiatu kilipasuliwa kweli, na kwa kisu kweli. Akimaliza kusikia, kama ni mtu mzima atajua la kufanya, na Saidi alete watu wake. Asipojua, Zainabu, huyo Saidi atafakari mwenyewe, si mtoto.

Baadaye nendeni makaburini ng'ambo. Wale watatu wana majina. Bi Elsa ameyaandika kwenye karatasi ya bluu, mimi nayasikia Yohana, Devi na Wili. Yasomeni kwa sauti. Si dini yetu, lakini jina la mtu halina dhambi, na tangu walale pale hakuna aliyewaita. Pigeni picha makaburi nimpelekee.

Halafu wewe mama, peke yako, nenda kwa Babu. Mwambie mgeni wake hakumsahau. Mwambie alikuwa njiani akapotea. Kisha mwekee mkono pale juu ya udongo, ule ule uliouondoa, uuache hapo kwa muda unaotaka. Huna haja ya kusema lingine. Sasa ni zamu yake.

Mimi huku nimekuwa mwepesi mpaka Wasswa anasema nimeanza kumsumbua kwa maneno. Jana nilimsalimia mpishi wa nyumba ya pili kabla hajanisalimia.

Nisalimie shangazi mwenye utabiri, na mumewe msuka vitanda. Nisalimie mwalimu wangu wa madrasa, mwambie mwandiko wangu bado unainama kushoto kama alivyosema. Saidi msalimie Zainabu mwenyewe, ukiona anafaa. Mjomba wa Mombasa nitamtumia picha ya barua ya Pita. Ni baba yake pia, na nauli ya kurudi nyumbani si kubwa.

Jambo moja nimelisahau. Mista Fernando alinibembeleza nimpe ule mfuniko auweke ukutani. Nikamwambia mtungi wa mama hauna kofia nyingine. Lakini usugueni upande wa ndani tu kuanzia sasa. Zile namba zimeanza kufutika, na Zainabu akijaliwa watoto, nao watataka kujifunza kuhesabu.

Ni mimi mwanao asiyesema,
Komora